Mwani ni Mmoja? Historia ya Neno, Mwamba na Tangi la Maji ya Bahari, kutoka Pwani hadi Kabeza

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya neno mwani tangu matumizi yake miongoni mwa wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki, kupitia usanifishaji wa Kiswahili na kilimo cha mwani cha Zanzibar, hadi linapomfikia mtumiaji wa Kiswahili wa Kigali. Mahali pa kupimia ni tangi dogo la maji ya bahari lenye matumbawe, likichukuliwa kuwa limewekwa katika nyumba ya mtaa wa Kabeza. Inadaiwa kwamba wingi wa mwani ndani ya tangi, kama ulivyo mwambani, ni suala la mlaji na rutuba kabla ya kuwa suala la dawa; kwamba maarifa hayo yamo katika Kiswahili cha pwani; na kwamba lugha ilipopanda bara ilibeba neno moja na kuyaacha mengine njiani.

Utangulizi

Mtaa wa Kabeza uko katika Wilaya ya Kicukiro, mjini Kigali, karibu na uwanja wa ndege wa Kanombe. Uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo hadi ufuko wa karibu wa Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,000. Hata mvua yake haielekei huko. Maji ya Kigali huingia Nyabarongo, Nyabarongo huingia Akagera, Akagera humwaga Ziwa Viktoria, na kutoka ziwani safari ni ya Mto Nile hadi Mediterania. Mahali pachache penye wasemaji wa Kiswahili palitengwa na bahari ya Waswahili kiasi hicho.

Kwa sababu hiyohiyo Kabeza panafaa kwa swali la makala haya. Mtu anayetaka kufuga matumbawe machache na samaki wawili watatu wa mwambani katika sebule ya Kabeza hana bahari ya kumsahihisha. Hawezi kuteremka ufukweni maji yakipwa akaona jinsi mambo yanavyokwenda, wala hana jirani mvuvi wa kumuuliza. Kila kitu atakipata kwa maneno: maelezo, majina, maagizo. Kama anasoma Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, atategemea kile ambacho Kiswahili kilichofika kwake kinaweza kutaja. Tangi nalo ni chombo kidogo kisichomvumilia anayekosea jina. Kinachochukua miaka kadhaa mwambani huchukua majuma matatu ndani ya lita 60.

Tatizo linalowakatisha tamaa wengi wanaofuga matumbawe duniani ni mwani. Kioo hugeuka kijani, nyuzi huota juu ya mawe, utando mwekundu hufunika mchanga, na tumbawe hufifia chini yake. Mfugaji hutafuta dawa. Historia ya ufugaji huu, hata hivyo, inaonyesha kwamba mwani uliingia tangini ukiwa tiba.

Mwani kama tiba, mwani kama adui

Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi wa London, alichukua matumbawe hai kutoka Torquay, kusini-magharibi mwa Uingereza, akaenda nayo mjini. Maji ya bahari yalikuwa adimu kwake kama yalivyo adimu Kabeza, hivyo hakuweza kuyamwaga kila siku. Mtumishi wake aliyamimina kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha ili yapate hewa. Mwaka uliofuata alitia mwani kwa makusudi: mimea ingetoa hewa ambayo mtumishi aliitoa kwa mikono. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington, naye wa London, alieleza jaribio lake la maji baridi lenye samaki, mimea na konokono. Konokono hao hawakuwa mapambo. Majani yaliyooza na ukoga wa kijani vilikuwa vikiharibu maji yake, na alipowatia konokono wakavila, chombo kikatulia. Philip Henry Gosse alipochapisha kitabu chake kuhusu matangi ya bahari mwaka 1854, kanuni ilikuwa imekwisha kujulikana: mmea, mnyama na mlaji wa mabaki.

Kanuni hiyo ilisahauliwa pale pampu na vichujio vilipokuja, ikarudi kwa njia ya Asia. Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza mwaka 1961 jinsi alivyofuga samaki na matumbawe kwa kutumia mawe hai yaliyotolewa mwambani pamoja na viumbe wake, na mapovu ya hewa, bila mtambo mwingine wa maana. Wafugaji wa Berlin waliendeleza mawe hai hayo katika miongo iliyofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Walter Adey wa Taasisi ya Smithsonian nchini Marekani alikwenda mbali zaidi. Baada ya kuchunguza nyasi fupi za mwani zinazofunika miamba, aliotesha mwani kwenye sinia yenye taa pembeni mwa tangi, akauvuna mara kwa mara. Mwani ukavuta rutuba kutoka majini, naye akautoa nje kwa mkono. Alikuwa anafanya kazi ya pono.

Walaji wa mwamba

Hoja ya mlaji ilipata ushahidi mzito zaidi Kenya, na nje ya tangi. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za aina hiyo barani Afrika. Ziliwapa watafiti kitu adimu: miamba isiyovuliwa iliyo jirani na miamba inayovuliwa kila siku. Tofauti ilionekana kwa macho. Penye uvuvi mzito kikande na samaki wengine wanaovunja na kula urchini walikuwa wamepungua, na urchini, wale wanyama wa duara wenye miiba ambao kila mvuvi wa miguu anawajua kwa maumivu yao, walikuwa wametapakaa.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, Tim McClanahan, Nyawira Muthiga na wenzao waliwapunguza urchini kwa makusudi katika vipande vya mwamba. Mtu angetarajia mwamba upone, kwa kuwa urchini huukwangua hadi kwenye jiwe. Katika miamba iliyovuliwa mno, kilichofuata ni mwani kuota kwa wingi, kwa kuwa urchini ndio waliokuwa walaji wakuu waliosalia. Penye hifadhi, samaki walao mwani walikuwapo kuipokea kazi hiyo. Jambo hili lina uzito kwa mshauri wa sera na kwa mfugaji wa tangi kwa kiwango kilekile: mlaji asiyependeza akiondolewa bila mwingine kushika nafasi yake, mwani ndio unaorithi.

Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kawaida wakati wa El Niño, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalipauka na kufa. Tumbawe lililokufa ni jiwe tupu, na jiwe tupu lenye mwanga huotwa na kitu. Swali likawa kitu gani, na nani yupo wa kukila.

Neno kabla ya kamusi

Wavuvi wa pwani hawakusubiri swali hilo. Katika matumizi yao mwani ni neno pana: hutaja magugu ya bahari yasiyo na mizizi ya kweli pamoja na nyasi za bahari zenye mizizi, maua na mbegu, ambazo mwanabotania angeziweka kundi jingine kabisa. Upana huo umechukuliwa mara nyingi kuwa upungufu, lakini anayesikiliza mazungumzo ya wavuvi huona kwamba upambanuzi wao haukai ndani ya nomino moja. Unakaa katika nani anakula nini na wapi. Tasi hutafutwa penye mwani laini. Kangaja huenda makundi juu ya mwamba. Puju ana mahali pake. Pono hukwangua jiwe lenyewe. Anayejua tasi yuko wapi amekwisha kujua ni mwani wa namna gani ulio chini yake, hata kama hautaji kwa jina la pekee. Ni uainishaji kupitia mlaji, na ndio hasa uainishaji ambao utafiti wa miamba ya Kenya uliuhitaji.

Pono anastahili neno la ziada. Kiswahili humsema mtu aliyezama usingizini kuwa amelala kama pono. Msemo huo hutumika hata bara na watu wasiowahi kumwona samaki huyo. Baadhi ya aina za pono kwa kweli hulala usiku ndani ya gamba la ute linalotoka mwilini mwao, wakiwa wamejibanza mwambani, na mvuvi mwenye taa anaweza kuwakaribia bila wao kushtuka. Msemo umesafiri, samaki amebaki. Mtoto wa shule wa Kigali anaweza kuutumia barabara katika insha bila kujua kwamba pono akiamka kazi yake ni kula mwani, na kwamba sehemu ya mchanga mweupe wa fukwe ni jiwe lililopita tumboni mwake.

Vivyo hivyo kwa tumbawe. Waswahili walilijua kama jiwe la kujengea kabla ya kulihesabu kuwa kiumbe wa kulindwa. Tumbawe laini lilikatwa baharini likiwa bado bichi, likachongwa kwa mihirabu na miimo ya milango, likakauka na kuwa gumu. Husuni Kubwa ya Kilwa, ya karne ya 14, ina kazi ya namna hiyo. Mengine yalichomwa yakawa chokaa. Marijani ni neno jingine: limetoka Kiarabu na likatumika kwa tumbawe jekundu la vito. Lugha ilitenga jiwe la fundi na jiwe la sonara.

Mwendo wa maji nao ulikuwa na msamiati wake: kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu. Maji mafu ni siku ambazo tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo na mkondo ni mlegevu. Mwenye tangi aliyepewa neno hilo hahitaji maelezo marefu kuhusu pampu ya kusukuma maji. Pembe ya tangi isiyofikiwa na mkondo ina maji mafu mwaka mzima, na ndiko utando mwekundu hupenda kuanzia.

Kamusi mbili na safari ya bara

Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Haja ya kamati ilikuwa shule, ofisi na uchapaji. Kamusi ya Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, ilitimiza haja hiyo vizuri, na hakuna sababu ya kuilaumu kwa kutokuwa kitu ambacho haikukusudiwa kuwa. Mwaka huohuo, mjini Paris, ilianza kutoka kamusi ya Charles Sacleux, mmisionari aliyekuwa pia mwanabotania, ambayo iliweka alama za lahaja na kuandika majina ya kisayansi ya mimea na wanyama kwa wingi usio wa kawaida. Kamusi ya kwanza ilizaa vitabu vya shule. Ya pili ilibaki kwenye rafu za wataalamu. Sacleux aliandika kwa Kifaransa, lugha ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ya shule na ofisi za Rwanda. Msomaji wa Kigali aliyejua Kifaransa alikuwa karibu zaidi na maneno ya mvuvi wa Lamu kuliko msomaji wa Nairobi aliyejua Kiingereza pekee. Njia hiyo haikutumika.

Kiswahili kilichofika Kigali kilikuja na misafara, askari na biashara. Mji wenyewe ulianzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, na jina la Kiswahili likashikamana na Biryogo na Nyamirambo, mitaa ya wafanyabiashara na Waislamu. Kilikuwa lugha ya soko, gari, kambi na dini, baadaye kikachanganyika na Kiswahili cha Kongo. Hakikuwa na kazi ya kufanya na tasi au bamvua, na lugha haibebi mzigo usionunuliwa. Rwanda ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi miaka kumi baadaye, kilichoingia shuleni ni Kiswahili sanifu, ambamo mwani umebaki kuwa mmea wa baharini, basi.

Mwani wa kuuzwa

Kati ya kamusi na shule likaingia soko. Mwani wa porini, wa kuchumwa na kuokotwa, ulikuwa ukiuzwa ng'ambo tangu zamani. Katika miaka ya 1970 Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliutafiti na kuhimiza ukulimwe. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Aina zilikuwa mbili, spinosamu na kotonii, nazo huuzwa kwa ajili ya karajinani, kitu cha kugandisha vyakula, dawa ya meno na vipodozi. Wakulima wengi ni wanawake, na ratiba ya kazi yao ni bamvua: vigingi hupigwa na kamba hufungwa wakati maji yamekwenda mbali.

Tangu hapo neno mwani, kwa masikio ya wengi, limekuwa jina la zao. Mtu akisema mwani redioni, msikilizaji huona kamba, magunia na wanawake wa Paje. Hilo si kosa, ila limefunika mambo mengine. Wakulima wenyewe wanajua kwamba adui wa mwani ni mwani. Kotonii ilipoanza kufa katika maji ya kina kifupi yaliyopata joto, miongoni mwa yaliyoonekana ni kupauka na kuoza kwa matawi, na nyuzi za mwani mwingine zilizojishikiza juu yake na kuunyima mwanga. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, akiwamo Flower Msuya, walifanya kazi na wakulima kuhamishia kilimo maji ya kina kirefu zaidi. Mfugaji wa matumbawe angezitambua nyuzi hizo mara moja. Ni aina ya maradhi yanayomsumbua yeye, yakiwa yamelipata shamba.

Nao mwani wa shamba hugeuka kuwa gugu ukihamishwa. Aina za jamaa ya kotonii na spinosamu zilipelekwa Hawaii katika miaka ya 1970, zikaenea katika Ghuba ya Kāneʻohe na kufunika matumbawe hai. Mamlaka za huko ziliunda mtambo wa kuufyonza mwani kutoka mwambani, na tangu 2011 zikaachilia urchini waliozalishwa kwa makusudi wale mabaki yanayoota upya. Urchini huyo ni wa aina inayopatikana pia Bahari ya Hindi. Kinachoitwa utajiri Jambiani kilitengewa fedha za kukiangamiza Hawaii, na aliyeajiriwa kukimaliza ni yuleyule anayemchoma mguu mvuvi wa Kenya.

Tangi la Kabeza

Sasa na iwekwe sebuleni Kabeza lita 60 za maji. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita, kwa hiyo tangi linahitaji kilo 2.1 kuanzia. Akibadilisha sehemu moja ya kumi kila juma, mwenye tangi atatumia kilo 11 hivi kwa mwaka. Chumvi ya jikoni haifai. Ni klorini na sodiamu, ilhali tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalisi na kaboneti, na maji ya bahari yana pia magnesi kwa wingi. Maji yanayopotea kwa mvuke huongezwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi hairuki na mvuke. Usiku wa Kigali ni wa baridi kuliko mwamba, hivyo kinachohitajika ni cha kupashia maji joto lifike nyuzi 25 au 26, tofauti na Mombasa ambako mtu hupigana na joto.

Mwinuko nao una lake, na vitabu vya ufugaji vilivyoandikwa na watu wa pwani na tambarare havigusi jambo hili mara nyingi. Kwa mita 1,500, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini hupungua kwa kiasi hicho. Mchana mwani hutoa oksijeni. Usiku huivuta, pamoja na samaki, konokono na bakteria. Tangi lililojaa nyuzi za kijani linaweza kuonekana lenye afya saa kumi jioni na samaki wakawa wanahema juu ya maji saa kumi alfajiri. Alilogundua Thynne kwa mikono ya mtumishi wake ni la lazima zaidi Kabeza kuliko London: uso wa maji usitulie, hasa usiku.

Baada ya hapo huja mwani, nao hauji wa aina moja. Majuma ya kwanza mchanga hufunikwa na vumbi la kahawia. Hao ni daiatomu, viumbe wadogo wenye magamba ya silika, na silika mara nyingi huingia na maji ya bomba. Ikiisha, nao huisha. Anayemwaga dawa hapa anapoteza fedha. Utando wa kijani juu ya kioo ni wa kawaida, hukwanguliwa na konokono wa bahari au kwa mkono. Nyuzi ndefu juu ya mawe ni habari nyingine. Hizo zinasema kuna naitreti na fosfeti ya ziada, na chanzo chake kwa kawaida ni mkono wa mwenye tangi mwenyewe: chakula kinachobaki, maji ya chakula kilichogandishwa yaliyomiminwa humo, maji ya kuongezea yasiyochujwa vya kutosha. Taa inayowaka kutwa na dirisha la jua huzidisha. Nyuzi hung'olewa kwa mkono na kutolewa nje, rutuba iliyomo itoke nazo; chakula hupunguzwa; taa huwekewa saa nane hivi; na mlaji hutafutwa. Samaki wakubwa kama kangaja hawafai katika lita 60, haidhuru wanasifiwa vipi na muuzaji. Konokono, kaa wadogo na urchini mmoja mdogo hutosha.

Utando mwekundu unaonyanyuka kama kitambaa si mwani. Ni sianobakteria, na baadhi yao huweza kutumia naitrojeni ya hewa, kwa hiyo kupunguza naitreti pekee kunaweza hata kuwapa nafasi. Walaji wengi huwakwepa. Mkondo, unyonyaji wa utando na siku tatu za giza husaidia. Wengine hutumia viuavijasumu vya binadamu, tabia isiyofaa kuigwa kwa sababu huua pia bakteria wanaosafisha amonia, na kwa sababu za afya ya umma zilizo wazi. Mwishowe kuna ganda la waridi na zambarau linaloenea taratibu juu ya mawe. Hilo ni mwani wa kweli, lakini wenye chokaa mwilini. Huunganisha mawe ya mwamba na mabuu ya matumbawe hupenda kutua juu yake. Mfugaji asiyelijua hulikwangua akidhani anasafisha. Anaondoa sakafu ya mwamba wake.

Mtu huyu wa Kabeza amekutana na vitu vitano. Kimoja tu kinahitaji mapambano, kingine kinahitaji ulinzi, kimojawapo si mwani hata kidogo, na Kiswahili chake kimempa neno moja.

Kuhusu istilahi

Haitoshi kusema kwamba Kiswahili kinakosa maneno. Kiliunda neno gugumaji upesi sana. Mmea huo ulionekana Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, baadhi yake ukiteremka na Akagera kutoka Rwanda, na neno likatulia katika magazeti, mikutano na bajeti za nchi tatu. Neno lilikuwa na mtu wa kulilipia. Maji ya kijani ya ziwa hilohilo, ambayo kwa sehemu kubwa ni sianobakteria na ambayo ni hatari kwa wanywaji, hayajapata neno lililotulia vivyo hivyo. Yakiitwa mwani, anayesikia huko Unguja hufikiria zao, na anayesikia Kigali hafikirii chochote.

Pendekezo la makala haya si kubuni upya. Ukoga upo, na kwa wasemaji wengi tayari ni kitu kinachoteleza na kuganda, iwe juu ya meno au juu ya jiwe. Unaweza kupewa sianobakteria, ukoga mwekundu wa tangini na ukoga wa kijani wa ziwani. Nyuzi zinaweza kuitwa mwani-nywele, na ganda la waridi mwani-chokaa, kwa kuwa chokaa ya tumbawe ni neno ambalo pwani haijawahi kulisahau. Nyasi za bahari zitengwe na mwani katika vitabu vya shule, ila maandishi ya sheria yanayomhusu mvuvi yakumbuke kwamba yeye huziita kwa jina moja. Kanuni inayokataza kukata mwani inaweza kusomwa ufukweni kwa upana ambao mwandishi wake hakuukusudia. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, iko mwendo mfupi kutoka Paje. Orodha ya istilahi za maji ianzie huko, kwa wanawake wa kamba na wavuvi wa miguu, pamoja na kamusi ya Sacleux mezani, kabla ya kupelekwa Kigali kujaribiwa.

Kuna pia suala la mpaka. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, ambao Rwanda na nchi za pwani ni wanachama, na samaki wa mapambo wamekuwa wakivuliwa Kenya kwa nyavu ndogo na kusafirishwa kwa ndege kwa miongo kadhaa. Ofisa wa forodha wa Kanombe anayefungua kifurushi cha mawe yenye ganda la waridi atahitaji kujua kama anatazama jiwe, tumbawe au mwani-chokaa, kwa sababu karatasi zinazotakiwa si zilezile. Kwa sasa fomu zenye majina hayo humjia kwa Kilatini na Kiingereza.